Kofia ya Pikipiki Mbele ya Mkwe

Tabora, 14 Mei 1955

Kwa dada yangu Veneranda, Nzega.

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Mimi mdogo wako Raymundi ni mzima, ila magoti yananiuma kwa sababu nitakayokueleza. Nyumbani Usinge nilimwacha mke wangu Eustadia hajambo, anavuna mahindi. Mama yake naye hajambo, yuko kwake ng'ambo ya ile njia ya zamani ya wapagazi, anakaa peke yake kama apendavyo. Je, wewe pamba imekuwaje? Na mwanao Flavia amejifungua salama? Hujaniambia.

Sasa jambo lenyewe. Misheni imenipa pikipiki. Si mali yangu, ni ya kazi ya ukatekista, nifike vigango vya mbali, maana kwa miguu nafika nakuta watu wameshazikana bila sala. Lakini Padre amesema, hakuna kuipanda mpaka nifundishwe, tena hakuna kuipanda bila kofia ngumu. Akanileta hapa kwa mtu aitwaye Silasi, ambaye katika vita ya Mjapani huko Bama alikuwa akipeleka barua za jeshi kwa pikipiki. Na huyo Silasi, dada, ni Mmoraviani, wala si Mkatoliki. Katekista mzima mwenye mvi ninaamrishwa na Mmoraviani: "Achia klachi polepole! Baba, tazama mbele, unatafuta nini kwenye gurudumu?"

Uwanja wenyewe uko kando ya njia ya sokoni. Akina mama wakipita huweka vikapu chini ili wanitazame vizuri. Jana mmoja aliniita, "Katekista wa Usinge, sufuria hiyo uliyoivaa jioni utapikia nini?" Wenzake walicheka mpaka wakashikana. Nilitamani ardhi inimeze.

Kofia kweli ni kama sufuria. Ina mkanda wa ngozi unaopita chini ya kidevu. Silasi huuvuta mwenyewe mpaka nameza mate kwa shida. Anasema kama mkanda haujafungwa basi kofia sijaivaa. Nikamuuliza, "Na nikikutana na wakubwa? Kwetu mtu hampiti mkubwa wake na kofia kichwani. Mkwe ndiyo usiseme." Akajibu, "Simama, zima, shuka, ndipo uvue. Chombo kikienda mikono yote miwili ikae usukanini, hata akija Mtemi mwenyewe."

Nikasema moyoni, yasemeni nyie mliozoea jeshi. Nimebakiza somo la mchanga na somo la kubeba mtu nyuma, lakini nimechoka kuchekwa. Kesho nitamwambia nimeitwa nyumbani. Kwenda mbele najua, kusimama najua, mengine Mungu atasaidia.

Niombee.
Mdogo wako Raymundi


Nzega, 9 Juni 1955

Mdogo wangu Raymundi,

Marahaba, na Yesu Kristo asifiwe milele. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye gunia la pamba, nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu Getruda akachungulia akidhani nimepatwa na wazimu. Flavia amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima. Pamba si haba. Kiuno changu ndicho kinachonikumbusha kwamba sisi si watoto tena.

Nakushangaa jambo moja tu. Ulipojifunza katekisimu, ulipochoka kuchekwa uliacha? Kule kwetu Choma tulikuita Padre Ndimi Mbili kwa jinsi ulivyokuwa unagugumiza sala, na hukuacha. Sasa unawaogopa wanawake wenye vikapu! Rudi ukamalize. Huyo Mmoraviani hatakubatiza upya kwa kukufundisha kupita mchangani.

Na hiyo kofia uifunge. Wakubwa watakusamehe.

Salamu kwa wifi yangu Eustadia na kwa mama yake, Mama Ngollo. Najua wewe jina la mkwe halitoki kinywani mwako, basi mimi nakutajia.

Dada yako Veneranda


Usinge, 21 Agosti 1955

Dada,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa. Nilianguka kidogo na pikipiki. Ni mchanga tu. Kichwani nimeshonwa, kunapona. Eustadia anakusalimu, ingawa hajaweza kwenda shambani kwa ajili ya mfupa wa bega. Naye atapona.

Mama yake sijui kama hajambo.

Hongera kwa mjukuu. Tafadhali usiniulize mengi kwa sasa, mkono unachoka.

Raymundi


Nzega, 18 Septemba 1955

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekuombea rozari tangu barua yako ifike. Mfupa wa Eustadia uwekewe majani ya moto, asibebe maji mpaka aweze kuinua mkono mwenyewe. Mtoto wa Flavia tumemwita Justus. Sisi ni wazima, salamu zimetosha.

Uliniambia nisiulize. Nilikuwa nimetii, Raymundi, mpaka alipopita hapa Shilinde, yule mnunuzi wa nta na asali anayefika mpaka misitu ya kwenu. Nilimpa uji, akakaa, akaanza. "Mama, nasikia katekista wa Usinge ni ndugu yako. Pole. Ametupwa na mkwe wake."

Nikamwambia, "Ametupwa na mchanga."

Akacheka. "Mchanga gani? Bibi kizee alimkazia macho yake mekundu tu, mtu akaruka juu ya pikipiki kama kumbikumbi. Walipofika watu walimkuta bibi ameshika kofia mikononi, mikono yote damu. Sasa hawaendi kwake kuchukua moto. Kibuyu chake kisimani wamekitenga. Na mwenyewe katekista yuko hapo, anajua kusema, na hajakanusha."

Raymundi, ni kweli hujakanusha?

Unamkumbuka Shangazi Kashindye? Wewe ulikuwa mdogo. Mimi nilikuwa nimeshapata kipaimara. Walisema ni mchawi, macho yake mekundu, na mtoto wa jirani kafa. Aliondoka Choma na chungu kichwani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsindikiza mpaka kisimani. Hapo naishia, sitaki kuliandika zaidi.

Nijibu.
Veneranda


Usinge, 30 Oktoba 1955

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika zamani. Kila nikishika kalamu nilipata kazi nyingine ya kufanya: kufagia kanisa, kufunga ua, hata kuchambua maharage, kazi ambayo Eustadia hajawahi kuniona nikiifanya. Mkono umefunguliwa sasa, sina kisingizio.

Njia ile ya wapagazi unaijua. Nyayo za watu waliobeba pembe za ndovu na majora ya nguo tangu enzi za mababu zimeichimba hata imekuwa kama hori la kunyweshea ng'ombe, mchanga chini, kingo juu pande zote mbili. Tulikuwa tunatoka kigangoni, Eustadia nyuma yangu. Kofia ninayo kichwani, mkanda unaning'inia. Ndivyo nilivyokuwa nikipanda siku zote, ili nikikutana na mkubwa niinyanyue bila kusimama. Nilikuwa najivunia, dada. Watu walisema, "Katekista, hata juu ya pikipiki ana adabu." Nilipenda kulisikia hilo kuliko nilivyopenda kufika ninakokwenda.

Kwenye kona, mama yake Eustadia huyu hapa mbele yetu na kuni kichwani. Yeye hawezi kupanda ukingo, mimi sina pa kupisha. Ningefanya alivyosema Silasi, nisimame, nizime, nishuke, tungesalimiana na kupishana. Lakini mkono ulikwenda wenyewe kichwani. Gurudumu likaingia mchanga mwingi, na kwa mkono mmoja, na mtu nyuma, sikulimudu. Kofia iko mkononi, kichwa kikaenda kitupu kwenye kisiki.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimefungwa kitambaa cheusi. Ilikuwa pindo la kaniki yake, alilipasua kwa meno. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwake. Mapajani mwa mkwe wangu, dada. Mtu ambaye tangu nimwoe mwanawe sijawahi kumtazama usoni, ambaye nikija kwake nasemea nje ya ua. Alikuwa amegeuza uso pembeni anapiga yowe, mkono mmoja kwenye kidonda changu, mwingine umeishika ile kofia, sijui kwa nini, labda aliiokota tu. Eustadia alikuwa majanini analia bega. Hakuona chochote cha kuweza kumtetea mama yake.

Watu wakaja. Wakaniuliza, "Katekista, kimekupata nini?"

Nikasema, "Sijui."

Ndilo neno nililolisema. Niliona aibu, Veneranda. Ningesema nilitoa mkono, Padre angejua sikumaliza mafunzo, Silasi angejua nilimdanganya, na wale akina mama wa vikapu wangepata hadithi ya mwaka mzima. Nikaona "sijui" ni neno dogo, halimdhuru mtu. Kumbe watu walikuwa wanataka nafasi tu, nikawapa, wakaijaza wao. Na aliponigusa kichwa, jambo ambalo kwetu halina hata jina, ndilo wanalolishika zaidi: eti alikuwa anamalizia uchawi wake.

Sasa mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, amesema ni afadhali bibi ahame kabla watu hawajapanda mbegu, yasije yakatokea mabaya zaidi. Eustadia amehamia kwa mama yake. Simlaumu. Mimi nafundisha amri ya kutomshuhudia jirani uongo, wanafunzi wanaitika, na mimi natazama kitabu.

Mvua bado. Nifanye nini?

Raymundi


Nzega, 10 Novemba 1955

Raymundi,

Marahaba.

Hujui la kufanya? Unalijua, umeliandika mwenyewe kwa mkono wa kulia.

Nenda kwanza Tabora kwa huyo Silasi ukamalize ulichokikimbia, maana mtu akisema "nilikosea kuendesha" halafu hajui kuendesha kunakotakiwa, nani atamsikiliza? Kisha urudi useme mbele ya watu. Sikuletei salamu za mtoto wala habari za pamba. Utazipata baadaye.

Mimi sikumsindikiza Shangazi. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na umri. Wewe bado mtu wako hajabeba chungu.

Veneranda


Usinge, 13 Desemba 1955

Kwa dada yangu Veneranda,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo tena shikamoo. Huku tuko wazima. Bega la Eustadia limeshika, ameanza kuchota maji kidogo kidogo, majani ya moto yamesaidia. Mvua imechelewa, mahindi hatujapanda, lakini leo nakuandikia nikiwa mtu aliyelala usingizi.

Nilikwenda Tabora. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia Silasi, hotuba ndefu ya toba. Nilipoanza tu, "Mwalimu, ile siku niliyosema nimeitwa nyumbani..." akanikatiza akitazama kovu langu la kichwani. "Ulitoa mkono upi?"

Nikamwonyesha wa kulia.

"Basi tuanze na huo."

Akanipeleka kwenye mchanga nyuma ya karakana. Alinifundisha nisikamate breki ya mbele mchangani, nisipunguze mafuta ghafla, niinuke kidogo juu ya vikanyagio, macho yatazame ninakotaka kwenda na si ninakoogopa. Kisha alipanda nyuma yangu yeye mwenyewe, mtu mzito kama gunia la chumvi, akaanza kunichokoza. "Katekista, yule pale si askofu wenu? Mvulie kofia!" Mara ya kwanza mkono ulianza kuinuka, akanipiga kwenzi juu ya kofia, kooo! Wale akina mama walikuwepo. Mmoja akaita, "Karibu tena, baba wa sufuria!" Nikamwitikia, "Ahsante mama, leo napikia maharage." Wakacheka, nami nikacheka. Kumbe haiui.

Padre nilimweleza yote. Akaingia ndani akatoka na kofia ya pili. "Hii ya mkeo. Atakayekaa nyuma yako naye ana kichwa."

Jumapili, baada ya sala, nilisimama. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje, mwanangwa yuko mbele. Nikasema, "Mniulize tena kimenipata nini." Wakatazamana. Nikawaambia kila kitu, mkanda, mkono, mafunzo niliyoyatoroka, pindo la kaniki. Nilisema, "Huyu mama aliniokoa, nami nikamlipa kwa neno sijui."

Unajua nilipata nini, dada? Mzee Lugembe akainuka akasema kwa upole kabisa, "Katekista, tunakuonea huruma. Mtu aliyetupwa na jicho hawezi kujua katupwa. Na mkeo amekuhama, lazima useme hivyo arudi." Watu wakaitika, mmh, mmh. Mwanangwa akatazama viatu vyake. Nikaona maneno yangu yamekwisha nguvu, niliyaweka sana yakachacha.

Mama yake Eustadia alikuwa nje, karibu na dirisha, peke yake. Kumbe alisikia yote. Nilipotoka Eustadia akanifuata.

"Mama anasema atasimama palepale mlipokutana. Upite mbele yake, kofia kichwani, mkanda umefungwa, usimvulie. Watu wote waje. Ukianguka, anahama leo hii."

Nikamwambia, "Mwambie mama siwezi. Nimpite hivyo mbele ya watu? Ni kumtukana."

Eustadia akanitazama. "Ulishamtukana uliposema hujui. Hili analitaka mwenyewe."

Tulikwenda. Watu walijipanga juu ya kingo pande zote kama wanaotazama ngoma. Chini kwenye hori la njia, mchanga mkavu wa kina kilekile, alisimama yeye, ameegemea ukingo nafasi ipatikane ya gurudumu. Amevaa kaniki ileile. Pindo limechanika pale alipolipasua kwa ajili yangu, na kila mtu aliliona. Sijui kama alikosa nyingine au aliivaa makusudi.

Vidole vyangu havikuweza kuufunga mkanda. Eustadia aliufunga, akaukaza mpaka nikameza mate kwa shida, kama Silasi. Kisha akavaa kofia yake, akapanda nyuma. Sikumwomba. Nikamwambia, "Shuka, bega lako." Akasema, "Washa."

Nikawasha. Kwenye kona nilimwona, na dada, mkono wa kulia uliniomba. Wewe uliyekulia kwetu utanielewa, si mkono uliotaka, ni mwili mzima, ni mama yetu aliyetulea, ni heshima yote niliyofundishwa. Niliung'ang'aniza usukanini mpaka kiganja kikauma. Gurudumu likaanza kucheza mchangani. Nikainuka juu ya vikanyagio, nikatazama mbali, nikaongeza mafuta kidogo. Lilicheza, likanyooka. Nikampita mkwe wangu na kofia kichwani, karibu hata kaniki yake ilinigusa goti, mbele ya Usinge nzima. Hatukuanguka.

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha nikamsikia mke wa Lugembe juu ya ukingo akisema, "Basi ni mkanda." Na jioni ile ile, Eustadia ameniambia, mama huyo huyo alikuwa wa kwanza kwenda na kigae kuomba moto. Mwanangwa hajataja tena habari ya kuhama.

Usidhani nimetulia kabisa. Kila nikikumbuka nilivyompita uso unawaka, na nadhani utawaka mpaka nizikwe. Watu wanasema nimemwondolea aibu. Mimi naona yeye ndiye aliyeibeba mara mbili, siku aliponishika kichwa na siku aliposimama nimpite, nami mara zote mbili nilikuwa juu ya pikipiki ya misheni.

Lakini nikuambie hili, ambalo sijamwambia hata Eustadia. Silasi alinifundisha nitazame ninakokwenda. Nilitii, ila kwa kitambo kidogo sana, nilipokuwa sambamba naye, sikutii. Nilimtazama. Na yeye hakugeuka pembeni, alikuwa ananitazama mimi, kwa hofu, kama mama anavyomtazama mtoto anayevuka mto. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake. Ni mekundu kweli, dada. Ni moshi wa kuni. Ni kama ya Shangazi Kashindye.

Mdogo wako,
Raymundi